Mafuta ya Moteri: Nani Ananunua, Nani Analipa

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Ndosho, Goma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Najua kuna wanaojiuliza: huyu mtu wa NGO, tangu lini anafundisha mafuta ya moto? Tuko na mafundi hapa wanaofungua moteri huku wamefumba macho. Ni kweli. Sikuja kumfundisha fundi kazi yake. Nimekuja kuzungumza juu ya sanduku letu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nikisema mafuta leo, nasema yale ya vidanji, yanayokaa ndani ya moteri. Esanse nitaiita esanse.

Moto ambayo umoja unampa memba kwa mkopo ni pesa ya watu wengi. Ni pesa ya mama anayeuza makala, ya baba aliyerudi Sake akakuta shamba limekuwa pori, na ya mfadhili aliye mbali ambaye hatatuona hata siku moja. Benki za Goma zilipofungwa mwezi wa Januari 2025, tuliona sote maana ya kukosa mahali pa kuweka akiba isipokuwa mikononi mwa wenzetu. Sasa, moto ikitembea, mkopo unarudi, na mwingine anapata zamu yake. Moteri ikikwama, mkopo unakwama, na yule aliyekuwa anangoja zamu anaendelea kungoja. Kati ya hayo mambo mawili, mara nyingi kinachoamua ni mafuta, kama litre moja tu.

Litre moja, kazi nyingi

Moto zetu nyingi, Boxer, TVS na ndugu zao za cc 100 mpaka 150, zinabeba kama litre moja ya mafuta. Gari dogo linabeba litre tatu au nne. Na tena kwenye gari, mafuta ya moteri ni ya moteri tu. Bwate ya vitesi iko na mafuta yake, na ambreyaji inakaa pakavu. Kwenye moto sivyo. Ile litre moja inalainisha pistoni na silinda, inalainisha meno ya vitesi, na disiki za ambreyaji zinaogelea humo humo. Ni kama mama mmoja anayepika, anayefua, anayelea watoto na bado anakwenda soko. Huwezi kumpa chakula chochote kile halafu umwambie avumilie.

Zaidi ya hayo, moto hizi hazina radiatere ya maji. Zinapozwa na upepo na yale mafuta. Sasa fikiria moto imetoka hapa Ndosho, imepita Mugunga, imefika Sake, halafu inaanza kupanda kuelekea Masisi: dereva, abiria wawili, mfuko wa maharagi mbele, vitesi ya kwanza, mwendo wa pole pole. Upepo hakuna. Moteri inachemka, na mafuta njo yanabaki peke yake kuiokoa.

Halafu kuna vumbi letu. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Vumbi la mawe hayo linakwaruza kama msasa. Likipita kwenye filtri ya hewa iliyochakaa, linaingia kwenye mafuta na kusugua silinda kidogo kidogo kila siku. Kwa hiyo barabara zetu zinachosha mafuta haraka kuliko lami ya miji mingine.

Kusoma chupa

Chupa ya mafuta imejaa maandishi, na picha ya moto inayoruka. Picha haina maana. Tafuteni vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni namba, kama 20W-50. Hiyo ni uzito wa mafuta. Namba ya mbele, yenye herufi W, inasema namna mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi; W imetoka kwenye neno la Kizungu la majira ya baridi. Namba ya nyuma inasema namna yanavyobaki mazito moteri ikiwa ya moto kabisa, kwenye digri 100. Goma iko kama metre 1,500 juu ya bahari. Asubuhi kuna ubaridi lakini barafu hatuna. Kwa hiyo 20W-50 au 20W-40 inatiririka bila shida hapa kwetu. Lakini kuna moto mpya zinazotaka 10W-30. Nani anaamua? Kitabu kilichokuja na moto. Wengi tunakitupa pamoja na karatasi za plastiki. Kama kimepotea, mwenye moto ya aina ile ile atakupa chake upige picha ukurasa mmoja tu.

Hapo mtu ataniuliza: kwa nini nisichukue mazito zaidi, ile SAE 40 au 50 yenye namba moja tu, kwa vile moteri yangu imezeeka? Mafuta yenye namba moja yanakuwa mazito sana asubuhi, na yanachelewa kufika juu kwenye valvu. Zile sekunde za kwanza baada ya kuwasha, vyuma vinasuguana vikavu. Mafuta mazito yanaweza kupunguza kelele na moshi kwa siku chache, hiyo ni kweli. Moteri bado ni mgonjwa, ila umemfunika blanketi.

Kitu cha pili ni herufi za API. Ikianza na S, kama SG, SJ, SL au SN, mafuta ni ya moteri za esanse. Ikiwa ni C peke yake, kama CF-4, ni ya moteri za mazutu, ni ya malori. Kuna chupa zenye zote mbili. Moto yako ni ya esanse, kwa hiyo ile S lazima uione.

Kitu cha tatu njo kinasahauliwa zaidi, na njo kinaua ambreyaji: tafuta neno JASO, na pembeni yake herufi MA, MA1 au MA2. Nieleze lilitoka wapi. Watengenezaji wa mafuta ya magari walianza kuweka dawa za kufanya mafuta yateleze zaidi, ili gari litumie esanse kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Lakini ambreyaji ya moto iko ndani ya mafuta, na kazi yake ni kushika. Ukiipaka kitu cha kuteleza, haishiki. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998, Wajapani waliweka kipimo cha mafuta ya moto. MA maana yake ambreyaji itashika. Kuna pia MB: hiyo ni ya zile skuta ambazo ambreyaji yake haikai ndani ya mafuta. Usiiweke kwenye Boxer.

Dalili mnazijua. Unapanda, moteri inalia kwa nguvu, moto haiendi. Fundi anasema disiki zimekwisha. Unanunua disiki mpya, zinafungwa, halafu unamwaga tena yale yale mafuta ya gari. Baada ya muda mfupi unarudi kwa fundi. Unamshitaki fundi, unamshitaki muuza mapiyesi, kumbe shida iko kwenye chupa.

Neno moja kwa wenzetu wa vituo vya afya. Zile Yamaha AG 100 zinazotumiwa vijijini ni za aina nyingine: moteri yake ni ya tu-tayimu, na inataka mafuta yake ya pekee yanayoungua pamoja na esanse. Yale msiyaweke kamwe kwenye karteri ya Boxer au TVS. Na mwenye Boxer asichanganye mafuta kwenye esanse akifikiri anaisaidia. Anaichafua buji bure.

Chupa nzuri, mafuta mabaya

Sasa tuseme umesoma yote matatu na chupa inasema sawa. Bado kuna swali moja: ndani mko nini? Chupa tupu ya mafuta yenye jina kubwa iko na bei kwenye soko letu, na mnajua kwa nini. Kuna anayeijaza mafuta yaliyokwisha kutumiwa, yaliyochujwa kwa kitambaa, au mafuta ya pipa.

Rangi haitakusaidia sana. Mafuta mapya yanaweza kuwa ya asali, mengine mekundu, mengine ya kijani. Ni rangi tu. Na mafuta mazuri yakigeuka meusi baada ya siku chache, si lazima yawe mabovu: yanaosha uchafu wa moteri, njo kazi yake. Angalia haya: pete ya kifuniko isiwe imekatika, karatasi ya ndani iwe imeshikamana, tarehe na namba ya kiwanda ziwe zimechapwa na zisifutike kwa kidole. Nunua kwa muuzaji mwenye duka ambaye kesho utamkuta palepale. Mafuta ya kupimiwa kwa kikombe kutoka bidoni isiyo na jina, yaache, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Na jambo moja tunaloweza kuanza leo, bila pesa: ukimaliza chupa, toboa chini kwa msumari au uikate kwa kisu. Chupa iliyotobolewa hairudi sokoni kumdanganya memba mwingine.

Lini kubadilisha

Moto mpya inafanya vidanji ya kwanza mapema, kwa kawaida kati ya km 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinatoa unga. Baada ya hapo kitabu kinaweza kusema km 3,000 au zaidi. Lakini kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda ofisini na kurudi. Kwa motari wa barabara ya Sake, mimi nasema kila km 1,500, isizidi 2,000. Kama kontere imekufa, hesabu kwa siku. Ukitembea kama km 120 kwa siku, 1,500 inafika baada ya siku 12 za kazi.

Mwaga mafuta moteri ikiwa na joto kidogo, yatoke na uchafu wake. Safisha kichungio. Jaza kiasi kilichoandikwa, usiongeze glasi ya bonasi: yakizidi yanafanya povu, na povu halilainishi chuma. Na kati ya vidanji mbili, pima. Kila asubuhi au kila siku ya pili, moto isimame wima, mahali pa usawa, uangalie kijiti au kioo cha pembeni. Moteri nyingi zilizokwama hazikukwama kwa sababu ya mafuta ya aina mbaya. Zilikwama kwa sababu mafuta yaliisha, na hakuna aliyeangalia.

Yale machafu msiyamwage kwenye mawe. Goma iko juu ya lava yenye nyufa. Kinachomwagwa kinashuka chini, na wengi wetu tunakunywa maji ya ziwa Kivu. Wekeni kwenye bidoni moja kwa kila parkingi. Wanaopaka mbao za nyumba juu ya kufukuza mchwa, wapake nje tu, mbali na jiko, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kwenye mtaa wa nyumba za mbao, tunajua moto ule mwingine ukianza unakula nyumba ngapi.

Shida yenyewe iko wapi

Mpaka hapa, wamotari wengi wanatingisha kichwa: haya tunayajua. Nakubali. Katika kazi yangu ya kufuatilia mikopo nimeuliza motari baada ya motari, na wengi wanajua kabisa mafuta gani ni mazuri. Basi kwa nini wananunua yale ya bidoni?

Jibu niliona kwenye mapatano. Mara nyingi mwenye moto ni mmoja, anayeiendesha ni mwingine. Dereva anamletea mwenye moto pesa ya kila siku, kinachobaki ni chake. Na mafuta? Katika mapatano mengi, mafuta ni ya dereva, na mapiyesi ni ya mwenye moto. Hapo njo kuna mtego. Tufanye hesabu, na bei hizi ni za mfano. Kila mtu aweke za kwake.

Tuseme chupa nzuri ni dola 6, na litre ya bidoni ni dola 3. Vidanji mbili kwa mwezi: dereva akichagua bidoni, anaokoa dola 6 kwa mwezi, yaani 72 kwa mwaka. Kwake ni karo ya mtoto. Halafu moteri inakufa. Pistoni, segma, kuchonga silinda, disiki, na kazi ya fundi: tuseme dola 120. Moto inalala siku 10 bila kuleta dola 6 za siku: 60 nyingine. Jumla 180, na zote zinatoka kwa mwenye moto, na kwetu zinatoka kwenye mkopo wa umoja. Dereva anapoteza siku zake 10 pia, lakini anaweza kutafuta moto nyingine. Mkopo hauwezi kutafuta moteri nyingine.

Kwa hiyo msimwite yule kijana mjinga. Amefanya hesabu sawa, kwa mfuko wake. Tulimpa haki ya kuchagua mafuta bila kumpa sehemu yoyote ya moteri. Tukimfundisha JASO mara mia bila kubadilisha mapatano, atasikiliza vizuri, atasema asante, na jioni atakwenda kwenye bidoni.

Ninaloomba mkutano uamue

Naweka mbele yenu mambo manne.

Moja: katika kila karatasi ya mkopo wa moto, mafuta yawe ya mwenye moto, si ya dereva. Yahesabiwe ndani ya pesa ya siku tangu mwanzo. Kama pesa ya siku lazima ipande kidogo au ishuke kidogo, mkae mkubaliane, lakini chupa isitoke kwenye mfuko wa yule asiye na moteri.

Mbili: tununue pamoja. Tuseme umoja uko na moto 10, kila moja vidanji mbili kwa mwezi. Hizo ni litre 20. Mtu mmoja akinunua chupa moja anapokea bei ya chupa moja. Umoja ukinunua kwa katoni, kwenye duka moja linalojulikana, utapata bei nzuri na utajua mafuta yametoka wapi. Chupa zikae kwa mwekaji wa sanduku, si kwa prezida wala kwa ndugu wa prezida. Mnicheke, lakini mliandike.

Tatu: kila moto iwe na kikaratasi chake. Tarehe, kilometre, aina ya mafuta, sahihi ya dereva na ya fundi. Mistari mitano inatosha. Dereva akija kuchukua chupa mpya analeta ile tupu iliyotobolewa. Na kikaratasi hiki kimsaidie dereva pia: akimaliza mwaka bila moteri kufunguliwa, umoja umpe kitu, hata kama ni kofia mpya ya kinga, au awe wa kwanza kwenye orodha ya kupata moto yake mwenyewe. Hapo njo naye atakuwa na sehemu katika moteri.

Nne, na hili nalisema kwa wafadhili watakaosoma haya maneno. Mnapotupatia moto, mnatupatia kitu kikubwa, na tunashukuru. Lakini mradi unaonunua moto bila kuweka mafuta ya mwaka wa kwanza unamwachia mtu aliyerudi nyumbani mikono mitupu achague kati ya chupa na chakula cha jioni. Kwa mfano wetu wa dola 6, mafuta ya mwaka mzima ni dola 144 kwa moto moja. Afadhali mtupe moto tisa zenye mafuta kuliko kumi zisizo nayo. Baada ya mwaka mmoja, mkija kuhesabu zinazotembea, hesabu itawajibu.

Nimalizie kwa kukumbusha jambo moja. Tarehe 27 Mei 2021, Goma ilipoamriwa ihame baada ya volkano, mliiona barabara ya Sake: watu kwa miguu, chukudu, magari, na moto zimebeba nyanya, watoto na magodoro. Usiku mama akishikwa na uchungu, ni moto inayomfikisha hospitali. Siku kama hizo hakuna muda wa kwenda kutafuta fundi. Mafuta yaliyomo ndani ya moteri ni yale uliyoyaweka wiki iliyopita.

Pendekezo liko mbele ya kamati. Naomba tulipigie kura leo kabla ya kutawanyika, na mwekaji wa sanduku atuambie bei ya katoni katika mkutano ujao.